Kona ya Babu Kurasa: Karanga za mia tano na profesa aliyesahaulika

Mwangaluka wasomaji wangu. Mwezi huu nilipanga kujibu maswali ya ile hadithi ya mashindano lakini imeingia barua moja kutoka Kirumba imeniharibia mpango wote, nimeisoma mara tatu nikicheka mwenyewe kama chizi hadi bibi yenu akauliza kuna nini. Nikaigusia kidogo kwenye toleo lililopita, basi na wengine mkaanza kudandia. Haya, tuanze na mwenye mali.

"Shikamoo Babu Kurasa. Mimi ni mjukuu wako wa Kirumba, tunakaa sio mbali na mwaloni. Juzi nimenunua karanga za mia tano nikafungiwa kwenye karatasi, karanga zikaisha nikaanza kusoma karatasi, hiyo ndo tabia yangu, mama anasema mimi nasoma mpaka maandishi ya mfuko wa sukari. Nikakuta kingereza cha zamani, kuna daktari anamwomba mzee mmoja anayepasua maiti amletee moyo wa binadamu! Babu nilitoka mbio kurudi kwa muuza karanga. Kumbe ana kitabu kizima hakina jalada, kimeshaliwa kurasa kibao za katikati, nikakikomboa kwa elfu mbili. Ukurasa wa mbele umeandikwa Uarda, mwandishi Georg Ebers, kimetafsiriwa toka Kijerumani. Nikaingia gugo kidogo bando likakata, ila nimeona wanasema alikuwa maarufu sana zamani. Sasa huyu ni nani, na mbona kitabu cha hadithi kina maelezo madogomadogo chini ya kurasa kama kitabu cha shule? Na kama alikuwa maarufu hivyo mbona hata tichaa wangu wa fasihi hamjui? – Msoma Karatasi, Kirumba."

Marahaba mjukuu wangu. Kwanza hongera kwa kukomboa mateka.

Georg Ebers kazaliwa Berlin tarehe 1 Machi 1837. Baba yake alikuwa mtu wa benki na kiwanda cha vyombo vya kaure, yaani pesa ilikuwepo, ila mzee akafariki kabla Georg hajazaliwa, kwa hiyo mtoto hakumwona baba yake hata siku moja, akalelewa na mama, mwanamke wa Rotterdam kule Uholanzi ambaye kwa maelezo ya Georg mwenyewe ndo alikuwa kila kitu. Nyumba waliyopanga Berlin ilikuwa na majirani wa ajabu kidogo, ndugu wawili wa Grimm, wale wale waliokusanya hadithi za akina Binti Majivu na mbwa mwitu ambazo nyie mnawaangalizia watoto kwenye tivii. Mwaka 1848 mapinduzi yakalipuka Berlin, risasi mtaani, vizuizi barabarani, Georg ana miaka kumi na moja anaona kwa macho yake. Baada ya hapo mama akampeleka bweni huko Keilhau, shule ya kijijini iliyoanzishwa na Friedrich Fröbel, na huyo Fröbel ndo baba wa chekechea zote duniani, ukimwona mwanao anaimba na kukata karatasi pale kwa sista ujue chimbuko ni huyo.

Akaenda Göttingen kusoma sheria. Hapo ndo maisha yalipogeuka. Aliumwa, na sio homa ya siku mbili, aliumwa vibaya miguu ikagoma na sheria ikabidi aiache. Sasa mtu kalala kitandani miezi na miezi, ana akili inachemka, afanye nini? Akaanza kujifundisha maandishi ya Misri ya kale, yale ya picha za ndege na macho. Akaja kuwa mwanafunzi wa Richard Lepsius, bingwa wa fani hiyo Ujerumani, ambaye alikuwa ameongoza msafara wa serikali ya Prussia kule Misri kuanzia 1842 hadi 1845. Udaktari wa falsafa akaupata 1862.

Na sasa sikia hii ambayo mimi huwa naipenda. Mwaka 1864 akatoa riwaya yake ya kwanza, inahusu binti wa mfalme wa Misri aliyeozwa kwa mfalme wa Uajemi, kakiandika kitabu kizima, majumba, mto, joto, mapadri wao, masoko, na Misri yenyewe alikuwa HAJAIKANYAGA. Kaenda mara ya kwanza 1869! Yote aliyatoa kwenye vitabu na kwenye makumbusho. Na watu wakakinunua. Mimi nikiandika hadithi ya Ukerewe bila kupanda feri watu wa Nansio watanizomea mpaka stendi, lakini Wajerumani wa 1864 nani angemzomea, nao hawajafika.

Ila alipofika Misri alifika kweli. Safari ya kwanza alizunguka zaidi ya mwaka mpaka rasi ya Sinai. Safari ya pili, majira ya baridi ya 1873, alikaa wiki kadhaa ndani ya kaburi la kale kule ng'ambo ya Luxor, analala humohumo, anaamka humohumo, ananakili maandishi ya ukutani. Hicho kitabu ulichokikomboa mbegu yake iliota humo kaburini, kasema mwenyewe kwenye utangulizi, kama utangulizi wako haujafungia karanga uangalie.

Kwa hiyo jibu la maelezo ya chini ya kurasa ni hilo. Jamaa alikuwa profesa, anafundisha chuo kikuu cha Leipzig tangu 1870, na profesa hata akiandika mapenzi hawezi kujizuia. Anaogopa wenzake watasema anabuni. Akisema binti mfalme kavaa kitu fulani anaweka namba, chini anakwambia kaburi gani kakiona. Wajerumani mpaka wakazipa jina, riwaya za maprofesa, maana hakuwa peke yake, kulikuwa na Felix Dahn profesa wa sheria ambaye 1876 alitoa riwaya kubwa ya Roma na Wagothi, na Gustav Freytag na wengine. Ulikuwa wakati wake. Ujerumani imetoka kuungana 1871, watu wa tabaka la kati wamepata vijisenti na wana kiu ya kuonekana wamesoma, kitabu kinachokupa mapenzi na elimu kwa bei moja nani akikatae? Krismasi ikikaribia kuna Ebers mpya, unamnunulia shangazi, unamnunulia mchumba, vilitoka kama dagaa wakati wa giza. Vikatafsiriwa lugha nyingi, New York wakavichapa wakauza sana, na ndo maana kimoja kimeweza kutembea karne nzima na zaidi mpaka Kirumba kwa muuza karanga, nadhani kwa njia ya sanduku la padri au mwalimu fulani wa zamani.

Na usifikiri aliandika kwa raha. Mwaka 1876 akapigwa na maradhi ya kupooza, miguu tena, na safari hii haikurudi vizuri. Mtu aliyelala makaburini na kupanda Sinai sasa anabebwa toka kitandani kwenda kwenye kochi. Uarda ikatoka 1877 na baada ya hapo karibu kila mwaka riwaya. Watu wa Alexandria, watawa wa jangwani, kaisari Hadrian, Kleopatra, akahamia Uholanzi ya vita na Wahispania, akahamia Nuremberg ya zamani. Mimi nikisoma zile za mwisho naona kabisa zimetungwa na mtu asiyeweza kutoka nje, mandhari ni nzuri mno, imepangwa mno, hakuna nzi. Ila ile Uarda bado ina vumbi la kaburini, umebahatika kuanza na hiyo.

Sasa kwa nini kasahaulika. Mimi nina maoni yangu na mtu asinisemee. Wakosoaji walisema tangu enzi zake kwamba mabinti wa mafarao wake wanapenda na kulia kama mabinti wa Berlin, umewavua kofia ukawavika mkufu wa dhahabu basi. Ni kweli, soma binti mfalme anavyoongea na yule padri mshairi utaona. Lakini hilo si lililomuua, maana waandishi wengi tu wana kosa hilo na bado tunawasoma. Kilichomuua ni zile namba za chini ya ukurasa. Alijenga nyumba yake juu ya usahihi, na usahihi unaoza. Mwanafunzi wake mwenyewe, Adolf Erman, mwaka 1885 alianza kutoa kitabu kikubwa cha maisha ya Wamisri, na yeye na wenzake wa Berlin wakaisuka upya sarufi ya lugha ile, miaka michache tu elimu ya Ebers ikawa ya kizamani. Ukitoa elimu kinabaki nini? Kinabaki hadithi, na hadithi yake ilikuwa imekaa kwenye kiti cha abiria muda wote huo haijui kuendesha. Nakubali kuna anayeona tofauti, aniandikie.

Alistaafu 1889 kwa sababu ya afya, akaishi Munich na kando ya ziwa la Starnberg, mahali panaitwa Tutzing, akafa hapo tarehe 7 Agosti 1898. Naam, mwanaziwa mwenzetu, ingawa ziwa lao lote lina kilomita za mraba hamsini na kitu hivi na letu lina zaidi ya elfu 68, kwetu huku hiyo ni ghuba ya kufulia.

Tuendelee.

"Babu habari za kazi. Nasoma kozi ya uganga hapa Mwanza, kwenye historia ya tiba tulitajiwa kitu kinaitwa Papairasi ya Ebers, slaidi moja tu mwalimu akapita. Ndo huyo huyo wa hadithi au majina yamegongana? Na zile dawa zilikuwa zinafanya kazi au ni ramli? – Daktari Mtarajiwa."

Ni yeye dokta, na hapa ndo penye utamu wote, hii slaidi mwalimu wako angekaa nayo wiki.

Majira yaleyale aliyolala kaburini, Ebers aliletewa na mfanyabiashara pale Luxor msokoto wa mafunjo. Mafunjo haya haya mnayoyaona huku kwetu ziwani, Wamisri walikuwa wanachana shina lake, wanalipanga, wanaligonga linakuwa karatasi. Muuzaji alidai msokoto ulikutwa katikati ya miguu ya maiti ya kale iliyokaushwa, hiyo ni lugha ya muuzaji, unaijua mwenyewe ukienda Makoroboi kila kitu ni orijino. Lakini msokoto ulikuwa wa kweli. Urefu kama mita 20, umeandikwa kama mwaka 1550 kabla ya Kristo, maandishi mazuri hayana doa, na ndani yake vifungu 877 vya tiba. Akaununua ukapelekwa maktaba ya chuo kikuu cha Leipzig ambako upo mpaka leo, na 1875 akauchapisha picha kamili, ukurasa kwa ukurasa, ili kila mtaalamu duniani auone bila nauli.

Kuhusu dawa, zimechanganyika. Kuna mafuta ya nyonyo ya kufungua tumbo, kuna asali kwenye vidonda, hizo hata leo huwezi kuzicheka. Kuna dawa za macho nyingi, minyoo, meno, ngozi. Kuna na maombi ya kusoma wakati wa kumeza dawa. Kuna dawa ya kipara inataka mafuta ya simba, kiboko, mamba, paka, nyoka na mbuzi wa mlimani, uyachanganye upake kichwani, kama huna nywele na bado una uhai wa kuwakamua hao wote nadhani tatizo lako sio nywele. Na kuna tiba ya kung'atwa na mamba! Unaambiwa siku ya kwanza ufunge jeraha kwa nyama mbichi. Wavuvi wa huku msijaribu, kimbieni hospitali.

Ila sehemu kubwa kuliko zote kwangu ni ya moyo. Inasema kutoka moyoni mishipa inakwenda kila kiungo, na tabibu akiweka vidole kichwani, mikononi, miguuni, popote pale anaukuta moyo, maana unaongea ndani ya mishipa ya kila kiungo. Miaka zaidi ya 3,500 iliyopita mtu anakuelekeza kupima mapigo.

Sasa Msoma Karatasi njoo hapa na wewe. Unamkumbuka daktari kwenye kikaratasi chako cha karanga, yule anayetaka moyo wa binadamu? Anaitwa Nebsecht. Ebers kachapisha mafunjo 1875, miaka miwili baadae kwenye riwaya anamtunga tabibu ambaye hatosheki na maandishi matakatifu kuhusu moyo, anataka kuufungua auone, na dini inakataza. Mimi nasema huyo Nebsecht ndo mtu pekee mzima kwenye vitabu vyote vya Ebers, mabinti wafalme wote weka pembeni. Ni msomi aliyeshika maandishi mkononi na anajua hayatoshi.

Swali la nyongeza ulilouliza kuhusu kichocho, maana Kanda ya Ziwa tunakijua toka utotoni. Wapo waliodai ugonjwa fulani unaotajwa tajwa kwenye mafunjo hayo ndo kichocho, wengine wakakataa, mabishano ni ya maneno ya lugha ile na hayajaisha. Ila mdudu mwenyewe aligunduliwa Misri kweli, Cairo, mwaka 1851, na daktari mwingine Mjerumani, Theodor Bilharz, ndo maana vitabuni mnakiita bilhazia.

"Babu Kurasa, sisi wazee wa Igombe tunabishana kijiweni. Huyo Mjerumani wa Misri alifika huku? Maana maji ya Misri ni yetu, yanatoka hapa. Mwenzangu anasema lazima alifika. – Mvuvi Mstaafu."

Hakufika mzee mwenzangu, mwambie mwenzio alipe hiyo kahawa. Wa kwanza kutoka Ulaya kuliona ziwa kwa upande huu ni Speke, tarehe 3 Agosti 1858, akatangaza ndo chanzo cha Nile wakambishia miaka. Mwaka 1875, mwaka ule Ebers anachapisha mafunjo, Stanley alikuwa kaweka kambi Kayenzi akalizunguka ziwa lote kwa mashua kuthibitisha. Ebers alipokufa 1898 Wajerumani walikuwa na boma hapa Mwanza, ila yeye miguu haikuwa ya safari tena.

Na hilo la maji ni yetu punguzeni sauti kidogo. Yale mafuriko ya Misri yaliyokuwa yanaleta udongo mashambani, yanatoka hasa Ethiopia, milimani kwao, zaidi ya asilimia 80 ya maji yanayofika Aswan ni ya huko. Letu linachangia maji ya kutulia, ya mwaka mzima. Ebers ana riwaya juu ya mafuriko hayo, mto umegoma kujaa, enzi Waislamu wametoka kuichukua Misri chini ya Amr bin al-As, na wenyeji wanataka kumtosa msichana mtoni awe bibi harusi wa Nile. Waislamu mnaijua hekaya hii, ile ya Sayyidna Umar kuandika barua ikatupwa mtoni maji yakapanda. Yeye kaitia mapenzi na hukumu ya mahakamani, msichana anaokolewa dakika ya mwisho. Nzuri? Ndefu.

"Babu, kwa heshima zote, kurasa zote hizo kwa Mjerumani wakati hapa Ukerewe tulikuwa na mtunzi wetu wa riwaya ya zamani. Mbona humtaji? – Mwalimu mstaafu, Nansio."

Nakubali fimbo mwalimu. Aniceti Kitereza alimaliza kuandika habari za Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945, maisha ya Wakerewe kabla ya wageni, kulima, kuvua, dawa, pombe, ugomvi wa wakwe, kila kitu. Hakupata mchapishaji. Akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili na kikaja kuchapwa Dar es Salaam kwa tarehe ya 1980, yeye akafariki 1981. Miaka 35 mswada umekaa! Ebers alikuwa anamaliza mswada watu wanapanga foleni. Na hakuwa na haja ya namba chini ya ukurasa kuthibitisha mchuzi wa furu unapikwaje, alikuwa ameula. Kimeshatafsiriwa Kijerumani pia, kwa hiyo leo kuna Mjerumani anamsoma Kitereza na wala hajawahi kusikia Ebers. Nikipata nafasi mwezi ujao kona nzima ni yake, nitumie hizo picha za Nansio ulizosema.

Kabla sijafunga, kuna aliyeuliza kama Ebers aliacha watoto wa fani. Mmoja alikuwa mchoraji, Hermann Ebers, aliishi Munich. Alichora picha za kisa cha Nabii Yusufu, akampelekea mwandishi mkubwa wa Kijerumani, Thomas Mann, amwandikie maneno ya mbele, Mann akaanza kufikiria Yusufu na Misri hakuacha tena, akaishia kuandika riwaya nne nene zilizotoka kati ya 1933 na 1943. Hizo zinasomwa mpaka leo. Kwa hiyo Misri ilirudi kwenye riwaya ya Kijerumani kupitia nyumba ileile, ila kwa mkono wa mtu mwingine.

Sasa Msoma Karatasi, kuhusu kurasa zako zilizoliwa. Vitabu vyake haki zake zimeisha zamani, tafsiri za kingereza zipo bure kwenye intaneti, nenda mahali penye wifi ushushe usimalize bando. Lakini bado nina ombi. Urudi kwa yule muuza karanga, umuulize kwa upole kama kuna mteja anayemkumbuka aliyechukua ule ukurasa yule mzee mpasua maiti anapoubadilisha moyo. Wa kwako mimi nimesoma, ila huyo mtu wa karanga ningependa kujua kama na yeye aliusoma au aliutupa.